Mwasho Ambao Mama Wazee Wanauficha

Mama mzee akiumwa jino, nyumba nzima hujua kabla ya jua kupanda. Lakini akiwashwa mahali pa siri hunyamaza, wala si siku mbili tatu, bali pengine mwaka mzima, akijikuna usiku na kujipaka mafuta ya mawese. Amwambie nani? Mwanawe wa kiume? Mkamwana? Basi, wasomaji wapenzi, twataka leo kulisema jambo hilo waziwazi, kwa heshima iwapasayo mama zetu.

Kansa ya mlango wa kizazi yajulikana na wengi: mwaka 2020 iliwapata wanawake kama 604,000 duniani. Ile ya sehemu za nje za uke ni ya nadra. Mwaka uleule waliohesabiwa ni kama 45,000, na wengi wao walikuwa wamekwisha kupita umri wa kuzaa. Kwa kuwa ni ya nadra, hata mwuguzi aweza kuisahau, akatoa dawa ya kupaka, kisha nyingine, asimtazame mgonjwa hata mara moja. Kosa hilo twaliona kubwa kuliko aibu ya mgonjwa mwenyewe.

Dalili zake ni mwasho usiokoma, uvimbe mgumu, kidonda kisichopona, au damu kutoka baada ya hedhi kukoma. Mara nyingi ngozi hutangulia kuwa nyeupe, nyembamba kama karatasi, yenye kupasuka-pasuka. Ugonjwa huo wa ngozi, waganga wauitao likeni sklerosasi, si kansa, na wengi walio nao hawapati kansa kamwe. Walakini yafaa utibiwe. Mwaka 2015 waganga wa Sydney, huko Australia, walieleza habari za wanawake 507. Katika 357 waliotumia marhamu yao sawasawa kama walivyoagizwa, hakuna hata mmoja aliyepata kansa. Katika 150 waliolegea, 7 walipata kansa au mabadiliko ya ngozi yanayoitangulia.

Macho peke yake hayatoshi kuitambua kansa. Mganga hutia ganzi, hukata kipande kidogo cha ngozi, nacho hutazamwa kwa hadubini. Wengine huogopa kwamba kukata huko kutaueneza ugonjwa, sivyo.

Zamani mgonjwa alikatwa nyama nyingi, pamoja na tezi zote za mitoki pande mbili. Kidonda kilichelewa kupona, na miguu ikavimba miaka yote iliyobaki. Mwaka 2008 waganga walioongozwa kutoka Groningen, Uholanzi, walitangaza kazi yao juu ya wanawake 403 wenye uvimbe usiofika sentimeta 4. Kwa rangi ya buluu na dawa yenye mionzi waliitafuta tezi ile ya kwanza ambayo kansa ingeifikia, wakaitoa na kuipima. Ikiwa safi, nyingine ziliachwa. Na kati ya hao walioachiwa, wachache sana ugonjwa uliwarudia mitokini. Uvimbe ukiwa mkubwa, njia hii haifai tena.

Binti amsindikize mama yake hospitalini. Naye mama akiona haya mbele ya mganga mwanamume, aombe mwuguzi wa kike awepo chumbani. Waganga wamelizoea ombi hilo.