Sadaka ya Maafa Yataka Daftari

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Aliyekuwapo katika viwanja vya Maisara siku zile, ambako jamaa walipita wakitafuta nyuso za watu wao, hana haja ya kukumbushwa. Wenye nacho walitoa, na wasio nacho walitoa nguo zao na nguvu za mikono yao.

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa vijana waliokabidhiwa kazi ya kukusanya michango katika shehia yao. Siku tatu tulipita nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja muuza vitumbua alitupa mauzo yake ya siku nzima, akakataa kuandikwa jina, akisema anayepaswa kujua anajua. Siku ya nne akaja mtu mwenye kitabu cha stakabadhi, akajitambulisha kuwa ametumwa na jumuiya ya misaada, nasi tukamkabidhi fedha zote. Hatukumwomba hati ya usajili. Hatukutazama kwamba stakabadhi zake hazikuwa na namba wala muhuri. Tuliona haya kumhoji mtu aliyekuwa akizungumza kwa machozi. Wiki mbili baadaye tulipokwenda kumuulizia, hapakuwa na mtu aliyemjua, wala aliyepata kuisikia jumuiya yake. Hadi leo nikipita mlangoni pa bibi yule huinamisha kichwa.

Kosa lile lilikuwa letu, wala si la vijana wa shehia moja tu. Miaka mitano kamili baadaye, tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ardhi liliupiga Mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi. Nchi nzima ilichanga. Kabla mwezi ule haujakwisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa watendaji wawili wa serikali katika mkoa huo. Ikulu ilieleza kuwa ilifunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Msomaji na alitafakari jambo hilo. Katika siku hizo za msiba, jina linalofanana lilitosha kumpoteza mchangaji mwenye nia safi kabisa.

Basi yampasa mtoaji aulize nini kabla hajafungua mkono?

Kwanza, aulize anayekusanya ni nani. Jumuiya ya kweli imeandikishwa kwa Mrajis, ina ofisi inayojulikana, na ina viongozi wanaoweza kuitwa kwa majina yao. Iliyozaliwa jana kwa sababu ya msiba wa leo huenda ikawa ya watu wema, lakini haijapimwa. Pili, aulize fedha zinaingia wapi. Namba ya simu ya mtu binafsi si mfuko wa maafa, hata kama ujumbe wake umepita katika simu elfu moja. Namba ya akaunti ithibitishwe katika ofisi yenyewe, au kwa tangazo la Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, ambayo msingi wake kwetu Zanzibar ni Sheria Na. 1 ya 2015. Tatu, adai stakabadhi yenye namba. Nne, aulize jumuiya hiyo ilifanya nini katika maafa yaliyopita, na hesabu zake zilisomwa wapi na mbele ya nani.

Tusidanganyike kwamba jina kubwa peke yake latosha. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kilikusanya karibu dola milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa habari wa nchi hiyo hiyo waliripoti kuwa nyumba za kudumu zilizojengwa na chama hicho zilikuwa sita. Chama kilijitetea kwamba fedha zilitumika pia katika makazi ya muda, afya na mambo mengine. Huenda ni kweli. Lakini hesabu iliyo wazi tangu mwanzo haihitaji utetezi mrefu mwishoni.

Upo na mfano wa kuigwa. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba, 2004, ambayo mawimbi yake yalifika hata pwani yetu, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitangaza mwanzoni mwa Januari 2005 kuwa fedha zilizopokewa kwa ajili ya msiba ule zimetosheleza kazi lililoweza kuifanya. Likawaomba watu wasiendelee kutoa kwa jina hilo, na likawauliza waliokwishatoa kama wangeridhia ziada yao iwafae wahitaji wa mahali pengine. Anayeweza kusema "inatosha" mbele ya mkono unaotoa, huyo amejua kwamba mali si yake.

Wapo watakaosema kuwa kuuliza kunaharibu thawabu, na kwamba mtoaji amekwishatoa, mengine ni juu ya mwenye kupokea. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kusoma skuli tulifundishwa vingine. Tulifundishwa kuwa amana hufikishwa kwa mwenyewe, na kuwa deni huandikwa hata baina ya watu wanaoaminiana. Ikiwa deni la watu wawili laandikwa, vipi mali ya mayatima isiandikwe? Kuuliza ni sehemu ya sadaka, kwa kuwa sadaka haijawa sadaka mpaka imfikie mwenye njaa.

Hapa neno lazima liwafikie na wakubwa wetu wa ofisini. Mwananchi hawezi kuuliza ikiwa kila anayeuliza huitwa mchochezi. Cheo ni dhamana, na dhamana ya maafa ni nzito kuliko nyingine zote, kwa sababu wenye mali wako kaburini au wako chini ya turubali. Kila mchango unapotangazwa, na itangazwe pia siku ya kutoa hesabu. Katika ukuta wa ofisi ya kila sheha ibandikwe karatasi moja tu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Karatasi hiyo gharama yake ni ndogo, nayo itawalinda watendaji waaminifu kuliko hotuba kumi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bahari itachafuka tena na masika yatashuka tena, na watu wa visiwa hivi watatoa tena, maana hawajui kufanya vingine. Bibi yule wa vitumbua hakutudai hesabu. Hata hivyo tunadaiwa.