Mchanga Uliozaa Jembe

Ushikapo jembe, wakumbuka asili yake? Katika milima ya Usambara mkoani Tanga, na Upare jirani, wahunzi wa zamani hawakungoja chuma cha meli. Mvua iliponyesha, waliokota mchanga mweusi wenye chuma vijitoni, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi za mbuzi. Upareni kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Washana. Hata Wachaga walinunua chuma chao. Kisha chuma cha Ulaya kikaja kwa bei nafuu, tanuri zikazimika. Mhunzi amebaki, akifua springi kuukuu za magari. Kuyeyusha tumekwisha kusahau, kufua je? Mwenye mhunzi jirani na ampeleke mwanawe akajifunze, moto ungali ukiwaka.