Wafoinike wa Afrika (3): Kerkouane, mji ulioachwa kama ulivyokuwa

Wiki iliyopita tulizunguka Carthage, na msomaji atakumbuka kwamba karibu kila tulichokiona pale kilikuwa cha Warumi. Waliuteketeza mji ule mwaka 146 KK, na vizazi vilivyofuata vya Warumi vikaja kujenga wa kwao juu ya majivu. Anayetaka kujua Wafoinike wa Afrika waliishije majumbani mwao hana budi kutoka Tunis, ashike njia ya rasi ya Cap Bon, aupite mji wa Kelibia, kisha ateremke pwani hadi Kerkouane.

Kerkouane ni jina la siku hizi. Magofu yenyewe yalitambuliwa mwaka 1952 na watafiti Charles Saumagne na Pierre Cintas, na mwaka 1985 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Yako juu ya genge la bahari, na mawimbi yamekwisha kula sehemu ya mji. Aliyekuja kutafuta nguzo ndefu za kupigia picha atanuna, maana kuta nyingi humfika mtu gotini au kiunoni. Hapa ni pa kutembea kichwa chini, macho sakafuni.

Sakafu zilitengenezwa kwa chokaa iliyochanganywa na vyungu vilivyopondwa, ndiyo maana ni nyekundu, na ndani yake vimetiwa vipande vidogo vya marumaru nyeupe. Katika nyumba moja vipande hivyo vimepangwa vikafanya alama ya Tanit, mungu mke mkuu wa Carthage: pembetatu, juu yake mstari wa kulala, na juu kabisa duara. Mtu angeikanyaga kila aingiapo na kutoka.

Lakini kinachozungumzwa zaidi na kila aliyefika ni mabafu. Nyumba nyingi zina bafu dogo, karibu na mlango wa kuingilia na si mbali na kisima. Mwogaji hakulala majini. Aliketi kwenye kiti kilichojengewa humo humo, mikono ikiegemea kingo, na miguu ikashuka kwenye shimo lililo mbele yake. Kote kumesilibwa kwa ile chokaa nyekundu isiyopitisha maji, nayo ingali laini ukiitazama kwa karibu. Warumi wanasifiwa mno kwa mabafu yao ya umma. Karne kadhaa kabla ya mabafu hayo, watu wa Kerkouane walikwisha kuoga kwa faragha, kila mtu kwake. Faragha hiyo inaonekana pia kwenye njia ya kuingilia. Nyumba nyingi zina ujia unaokata kona kabla ya kufika uani, hivyo mpita njia hawaoni wenyeji, jambo ambalo kwa mtu wa Lamu aliyezoea daka la mlangoni halihitaji maelezo.

Mji ulikuwa na mafundi wake. Uani mwa hekalu kubwa kulikuwa na karakana ya sanamu za udongo pamoja na tanuri ya kuchomea. Vilevile yamepatikana magamba mengi ya konokono wa baharini wa jamii ya murex, ambao Wafoinike waliwakamua rangi ya zambarau. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akaambulia gramu 1.4 tu za rangi safi. Ndiyo maana vazi la zambarau likawa la wafalme. Harufu ya kazi hiyo haikuwa ya kifalme: Strabo, mwanajiografia wa kale, anasema viwanda vya rangi viliufanya mji wa Kifoinike wa Tiro uwe mahali pabaya pa kuishi, ijapokuwa viliutajirisha.

Kwa nini basi Kerkouane ulisalimika na wajenzi wa baadaye? Kwa sababu ulikufa mapema. Mwaka 256 KK, katika vita vya kwanza kati ya Roma na Carthage, jemadari Regulus alishuka Aspis, ndiyo Kelibia ya leo. Mwanahistoria Polybius anaeleza kuwa jeshi lake lilibomoa nyumba nyingi nzuri, likapora mifugo na kuchukua mateka zaidi ya 20,000. Watafiti wengi wanauhusisha mwisho wa Kerkouane na vita hivyo. Wenyeji hawakurudi, na Warumi hawakuona haja ya kujenga hapo.

Tukumbuke kwamba vitabu vya Carthage vimepotea. Hata kile cha kilimo cha Mago, kilichokuwa na juzuu 28 na ambacho baraza la Roma liliagiza kitafsiriwe kwa Kilatini, kimebaki vipande tu ndani ya maandishi ya wengine. Habari za Wafoinike wa Afrika tumeachiwa zaidi na Wagiriki na Warumi, na wengi wao walikuwa na uhasama nao. Mimi naliamini zaidi bafu la Kerkouane kuliko kurasa nyingi za Livy, mwanahistoria wa Kirumi.

Juma lijalo tutavuka bahari hadi Motya, kisiwa kidogo magharibi mwa Sicily, ambako Dionysius wa Syracuse aliwazingira Wafoinike mwaka 397 KK.