Wakongwe na Chipukizi Katika Uwanja wa San Antonio

Usiku wa leo kuamkia Jumapili, tarehe 6 Aprili 2025 kwa saa za Afrika Mashariki, vyuo vikuu vinne vya Marekani, navyo ni Auburn, Florida, Duke na Houston, vitaingia katika uwanja wa Alamodome, mjini San Antonio, jimbo la Texas, kushindania haki ya kucheza fainali ya mpira wa kikapu ya wanaume. Na ingawa mashindano haya yalianzishwa tangu mwaka 1939, hii ni mara ya pili tu kwa timu zote nne zilizopewa nafasi ya kwanza katika kanda zao kusalimika na mitoano na kufika pamoja katika nusu fainali. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2008, na kwa sadfa ya ajabu ilitokea katika uwanja huu huu, pale Kansas walipoishinda Memphis pointi 75 kwa 68 katika muda wa nyongeza, baada ya vijana wa Memphis, waliokuwa wameushika ushindi mkononi, kukosa mitupo huru katika dakika za mwisho na kumwachia Mario Chalmers nafasi ya kusawazisha kwa mtupo wa pointi tatu.

Mashindano yenyewe hukusanya timu 68 zilizogawanywa katika kanda nne, na atakayeshindwa mara moja amekwisha, hana marudiano wala rufani. Kwa sababu hiyo aghalabu chuo fulani kidogo, kisichojulikana hata na Wamarekani wenyewe, hujipenyeza na kuwaangusha wakubwa, na mahaba ya watu kwa mashindano haya yametokana kwa sehemu kubwa na maajabu kama hayo. Mwaka huu maajabu yamekuwa haba, na wako wanaosikitika. Mimi simo miongoni mwao, kwani yaliyokosekana katika maajabu tumeyapata katika ubora: hakuna hata moja katika timu hizi nne iliyoshindwa zaidi ya mara tano tangu Novemba.

Sababu ya wakubwa kusimama imara namna hii yafaa ielezwe, maana ndiyo ufunguo wa michezo ya usiku huu. Zamani mwanafunzi aliyehama kutoka chuo kimoja kwenda kingine alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Tangu mwaka 2021 sharti hilo limelegezwa, na mwaka huo huo, kuanzia tarehe 1 Julai, wachezaji wakaruhusiwa kupokea malipo kwa majina na sura zao kutumiwa katika matangazo ya biashara. Na juu ya hayo, waliocheza msimu ulioharibiwa na maradhi ya korona walizidishiwa msimu mmoja. Matokeo yake ni kwamba kijana hodari aliyeanzia katika chuo kidogo hawezi tena kuzuilika huko, bali huhamia kwa wakubwa akiwa amekwisha pevuka, na vyuo vikubwa vimejaa wanaume wa miaka 22 na 23, waliokwisha kuonja furaha na machungu ya mchezo huu. Tatu katika timu nne za mwaka huu zimejengwa juu ya msingi huo. Ya nne, ambayo ni Duke, imeutegemea ujana. Na swali la San Antonio, kwa maoni yangu, ni kama ujana huo utaweza kustahimili shinikizo la wakongwe.

Nusu fainali ya kwanza ni ya jirani wawili, Auburn ya Alabama na Florida ya mji wa Gainesville, wote wanachama wa umoja wa vyuo vya kusini-mashariki uitwao SEC, ambao mwaka huu uliingiza timu 14 katika mashindano, idadi ambayo haijapata kufikiwa na umoja wowote. Hawa wanajuana. Walipokutana Februari katika uwanja wa Auburn, wageni wa Florida waliondoka na ushindi wa 90 kwa 81. Wanajuana zaidi walimu wao: Todd Golden wa Florida, mwenye umri wa miaka 39, aliwahi kuwa msaidizi wa Bruce Pearl pale pale Auburn, na leo mwanafunzi anarudi kumkabili ustadhi wake, akiwa na ada ya kupima kila jambo kwa hesabu, ilhali Pearl, mtu wa jazba na sauti kubwa, huipeleka timu yake kwa hamasa.

Auburn ndiyo iliyoorodheshwa ya kwanza katika timu zote 68, na nguzo yake ni Johni Broome, aliyeanzia katika chuo kidogo cha Morehead State huko Kentucky, mchezaji wa ndani mwenye mkono wa kushoto uliojaa maarifa. Katika mchezo wa robo fainali dhidi ya Michigan State aliangukia kiwiko akatolewa nje, watu wakadhani amekwisha, kisha akarejea na kumaliza akiwa na pointi 25 na ribaundi 14. Ushujaa huo unastahiki sifa, lakini kiwiko ni kiwiko, na mchezaji anayeishi kwa kusukumana chini ya kikapu hawezi kukificha kwa dakika 40. Auburn hawajapata kutwaa ubingwa abadan. Mwaka 2019, walipofika hatua hii kwa mara ya kwanza, Virginia waliwatoa kwa 63 kwa 62 baada ya Kyle Guy kuchezewa rafu akirusha kutoka mbali, akapewa mitupo mitatu huru huku muda ukiwa umebaki chini ya sekunde moja, naye akaitia yote mitatu.

Upande wa pili yuko Walter Clayton, kijana wa mji wa Lake Wales katika jimbo la Florida, aliyekuwa akisifika kwa mpira wa miguu wa Kimarekani kabla ya kuchagua kikapu, akaanzia chuo cha Iona, kisha akarudi nyumbani. Huyu, katika mashindano haya, amekuwa balaa la dakika za mwisho. Connecticut, waliokuwa mabingwa kwa miaka miwili mfululizo, aliwazima kwa mitupo yake wakati muda unakwisha, Florida wakapita kwa 77 kwa 75. Na mbele ya Texas Tech, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi tisa na zimesalia dakika zisizotimia tatu, alirusha kwa utulivu wa mtu aliye mazoezini, akafikisha pointi 30, na ushindi ukawa wa Florida, 84 kwa 79. Pembeni yake wako Alijah Martin, aliyekwisha kufika nusu fainali ya mwaka 2023 akiwa na Florida Atlantic, na Will Richard aliyetoka Belmont. Na ndani yumo Rueben Chinyelu, kijana wa Nigeria aliyelelewa kimchezo katika chuo cha NBA cha Afrika huko Senegal, ambaye hafungi pointi nyingi lakini huisafisha njia kwa mwili wake ili wenziwe wafunge. Florida walikuwa mabingwa mwaka 2006 na 2007, zama za Joakim Noah na Al Horford. Naona watamshinda mwalimu Pearl, kwa kuwa wana watu wengi zaidi wa kuutia mpira kikapuni pindi hali inapokuwa ngumu.

Ya pili, Duke na Houston, ndiyo itakayokumbukwa.

Duke, wa mji wa Durham huko North Carolina, wameshinda michezo 35 na kushindwa mitatu. Wana Cooper Flagg, chipukizi wa miaka 18 kutoka mji mdogo wa Newport, jimbo la Maine, ambaye shirika la habari la Associated Press limemtangaza kuwa mchezaji bora wa mwaka, na sioni wa kulipinga hilo: anarusha, anapiga pasi, anazuia, na kila analolifanya linaonyesha akili inayotangulia mwili. Yuko Kon Knueppel, wa mwaka wa kwanza vilevile, mrushaji wa kuaminika, aliyewashika mkono wenzake hadi ubingwa wa umoja wao wa ACC pale Flagg alipoumia kifundo cha mguu. Mwalimu wao Jon Scheyer, aliyekuwa nahodha wa Duke walipotwaa ubingwa wa mwaka 2010, alikabidhiwa timu mwaka 2022 baada ya kustaafu kwa Mike Krzyzewski, na katika watano anaowaanzisha hakuna hata mmoja aliye chini ya futi sita na inchi tano.

Na yuko Khaman Maluach. Msomaji wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam asiyejali hata kidogo habari za vyuo vya Marekani anayo sababu ya kumtazama kijana huyu, maana njia yake imepita mlangoni petu. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006. Akakulia Uganda, familia yake ikiwa imekimbia vita. Na hakuushika mpira wa kikapu ila alipokuwa amekwisha kukaribia ujana. Kutoka hapo akachukuliwa kwenda katika chuo kile kile cha NBA kilichoko Senegal, akacheza ligi ya Afrika, BAL, akiwa na Cobra Sport ya nchi yake, kisha AS Douanes ya Senegal, na mwaka jana City Oilers ya Kampala. Na kabla hajakanyaga darasa la Duke, alikwisha kuivalia jezi Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Ana urefu wa futi saba na inchi mbili, na Duke humtumia kwa mambo machache anayoyafanya kwa ukamilifu, yaani kulinda kikapu, kukimbia, na kuudaka mpira hewani na kuutumbukiza.

Wakubwa wetu watakumbuka, kama mimi nikumbukavyo kwa fahari, kwamba Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alifika katika hatua hii hii mwaka 2009 akiwa na Connecticut, akifanya kazi ile ile ya kuulinda mlango, na ingawa timu yake ilishindwa na Michigan State 82 kwa 73 mjini Detroit, miezi michache baadaye Memphis Grizzlies walimchukua wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa NBA. Tangu siku ile vijana warefu katika pwani na bara yetu hawakupungua; kilichopungua ni viwanja, walimu na watu wenye subira ya kuwafundisha. Maluach ni ushahidi kwamba mtoto akipata mlezi wa mchezo, miaka mitano yatosha kumtoa vumbini mpaka mbele ya maelfu.

Walakini, wanaomsubiri yeye na wenziwe si watu wa kuhurumia ujana. Houston wameshindwa mara nne tu, na katika mara hizo, tatu zilihitaji muda wa nyongeza. Hakuna timu nchini iliyoruhusu pointi chache kuliko wao. Mwalimu wao, Kelvin Sampson, mwenye umri wa miaka 69, mzalia wa kabila la Lumbee, Wahindi Wekundu wa North Carolina, aliikuta timu mwaka 2014 ikiwa imesahauliwa, akaijenga upya juu ya mambo mawili ambayo hayahitaji kipaji bali azma: kumkaba mwenye mpira bila kupumua, na kuupigania kila mpira uliokosa kikapu kana kwamba ni mali yako iliyoporwa. Senta mrefu akipewa mpira chini ya kikapu humzingira kwa watu wawili kabla hajageuka. J'Wan Roberts yuko katika mwaka wake wa sita chuoni, L.J. Cryer, aliyewafunga Gonzaga pointi 30, alikuwa katika kikosi cha Baylor kilichotwaa ubingwa wa 2021, kikosi kilichowatoa Houston hawa hawa katika nusu fainali. Na Milos Uzan, aliyehama kutoka Oklahoma, ndiye aliyewaokoa mbele ya Purdue, 62 kwa 60, ikiwa imesalia chini ya sekunde moja.

Liko pia deni. Machi mwaka jana, mjini Dallas, Duke waliwatoa Houston 54 kwa 51 katika raundi ya timu 16, baada ya nahodha Jamal Shead kuumia kifundo cha mguu katika kipindi cha kwanza. Na liko deni kongwe kuliko hilo. Houston ndiyo iliyompokea Hakeem Olajuwon kutoka Lagos mwaka 1980, ikafika fainali mwaka 1983 pamoja naye na Clyde Drexler, ikapigiwa hesabu ya ushindi na kila mtu, kisha Lorenzo Charles wa North Carolina State akaudaka hewani mpira wa mwenzake uliopungua nguvu, akautumbukiza muda unakwisha, 54 kwa 52. Mwaka uliofuata wakafika tena, wakashindwa na Georgetown ya Patrick Ewing. Chuo kilichompa dunia Olajuwon hakina ubingwa hata mmoja.

Historia inajua kuwasaidia chipukizi: Kentucky mwaka 2012 na Duke wenyewe mwaka 2015 walitwaa kombe kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya kanuni mpya kuwakusanya wakongwe mahali pamoja, na Duke ya mwaka 2019, yenye chipukizi Zion Williamson, haikuvuka robo fainali. Duke wa leo wana kipaji kingi kuliko timu yoyote iliyobaki, na dakika 30 za kwanza naamini zitakuwa zao. Kumi za mwisho, pale miguu inapokuwa mizito na kila pasi inapogombewa, nazikabidhi kwa Houston, ingawa moyo wangu uko kwa kijana wa Rumbek. Na fainali ikiwa ya Houston na Florida, itaamuliwa kwa kikapu kimoja, nami namwona Sampson akilipa deni la miaka 42.

Nusu fainali ya kwanza itaanza saa saba na dakika chache usiku, ya pili inakadiriwa kuanza saa kumi kasorobo alfajiri, na fainali itakuwa Jumanne alfajiri saa kumi kasorobo vilevile, zote kwa saa za Afrika Mashariki. Nawaomba walimu wa kikapu wa shule zetu, kama wataweza kukesha, wawaache wengine wayatazame madaha ya Flagg, na wao wayakazie macho matendo ya Houston mpira unapokosa kikapu, kwani hayo yanaweza kufundishwa kesho yake katika uwanja wowote wa saruji, bila senti moja ya gharama.