Kisukari si namba tu: utulivu wa moyo kwa wagonjwa wa Njombe na Makambako

Sehemu kubwa ya tiba ya kisukari hufanywa na mgonjwa mwenyewe, nyumbani, kila siku. Ndiyo maana hali ya moyo wake ina uzito sawa na kipimo cha damu. Aliyekata tamaa huruka dozi, huacha kupima na huikwepa kliniki. Sukari ikipanda, naye huzidi kukata tamaa.

Wataalamu hutenganisha hali mbili. Sonona ni ugonjwa wa akili, nayo huwapata wenye kisukari karibu mara mbili zaidi ya watu wengine. Ya pili ni msongo unaoletwa na kisukari chenyewe: hofu ya upofu au ya kukatwa mguu, kujilaumu baada ya kula, kuchoshwa na makatazo. Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake wa Marekani walichapisha dodoso la maswali 20 la kupima msongo huo. Shirika la Afya Duniani nalo lina maswali matano kuhusu majuma mawili yaliyopita: uchangamfu, utulivu, usingizi, nguvu na hamu ya shughuli za kila siku. Majibu huchukua dakika chache.

Mkoani Njombe, msongo huo huanzia mezani na shambani. Chakula ni ugali na viazi mviringo, na masika kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi iliyo tamu ikiwa mbichi, ni sehemu ya ukarimu. Anayekikataa hulazimika kujieleza. Mkulima aliyechoma insulini kisha akashika jembe bila kula huweza kushuka sukari, akatetemeka na kutoka jasho. Juni na Julai, baridi inapokaza, mguu uliokufa ganzi kwa kisukari huungua kwenye jiko la mkaa bila mwenyewe kuhisi. Makambako, njia panda ya kwenda Mbeya na Songea na kituo cha reli ya TAZARA, madereva wa malori, mama lishe na wapakiaji hula wanapopata nafasi, ilhali dawa zina saa zake. Kwa asiye na bima, vijiti vya kupimia na nauli ya kliniki huongeza mawazo.

Mkoa huu hauanzi sifuri. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na kiwango cha juu kabisa cha VVU nchini Tanzania, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kutokana na janga hilo watu wamezoea vikundi vya wenye kuishi na virusi, ushauri nasaha na kukumbushana dawa ya maisha yote. Utaratibu huo unafaa pia siku ya kliniki ya sukari: wagonjwa kuzungumza wao kwa wao, na muuguzi kuuliza habari za usingizi na furaha kabla ya kuandika kipimo.

Nyumbani, msaada hufaa kuliko ulinzi. Familia nzima ikipunguza ugali na kuongeza maharage na mboga za majani, mgonjwa hali chakula cha peke yake. Huzuni ikidumu zaidi ya majuma mawili, aende kituo cha afya aeleze. Sonona hutibika kwa ushauri na dawa, sambamba na kisukari.