Kidole Gumba cha Bibi

Njooni, wapwa zangu, kaeni mkekani. Mmoja wenu ameniuliza, "Mjomba, mtu mzima anaweza kwenda shule?" Swali zuri hilo! Kuuliza si ujinga. Leo sitajibu mimi. Atajibu Kidole Gumba cha bibi mmoja wa Usukuma, kule Mwanza.

Kidole Gumba akasema:

"Nililima pamba na bibi. Nilipalilia na bibi. Nilichuma na bibi. Lakini siku ya kuuza nilichovywa wino, nikagandamizwa kwenye karatasi. Karatasi imesema nini? Sijui. Pamba ina kilo ngapi? Sijui. Babu, mume wake, alitia fedha mfukoni. Bibi alirudi nyumbani na wino kidoleni."

"Mjomba, kwa nini bibi hakusoma utotoni?"

Umeuliza vema, mwanangu. Zamani, wazazi wengi walipokuwa na ada ya mtoto mmoja tu, walimpeleka mvulana. Msichana alibaki kuchota maji, kutwanga na kulea wadogo zake. Walisema, "Huyu ataolewa, asome wa nini?"

Sasa, karatasi ni kama chungu kilichofunikwa. Asiyejua kusoma huambiwa tu kilichomo. Anayejua kusoma hufunua mwenyewe.

Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanzania, aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa mashuleni, na mengine chini ya miti. Mafunzo hayo yaliitwa kisomo chenye manufaa, kwa sababu watu walisoma mambo ya kazi zao. Kule Kanda ya Ziwa, ilipo Mwanza, vilikuwapo vitabu vya pamba, vya migomba, vya uvuvi na vya ufugaji. Bibi naye akataka kusoma.

"Na babu alikubali?"

Mwanzoni alikataa. "Ukienda huko, nani atapika?" Bibi akapika mapema. "Nani atabaki na mtoto?" Bibi akambeba mgongoni, akaenda. A, e, i, o, u.

Kidole Gumba akasema: "Niliteseka! Nilizoea mpini wa jembe. Kalamu ilikuwa nyembamba, ikaniponyoka. Nikaishika tena. Ikaniponyoka. Nikaishika tena."

Msimu wa pamba ukafika. Bibi akatazama mizani, akasoma stakabadhi.

"Karani, mizani inasema 84. Hapa umeandika 48."

Karani akafuta, akaandika upya. Babu akanyamaza kimya. Tangu siku ile hakuuza pamba bila bibi, na fedha walizihesabu wawili.

"Sikuchovywa wino tena," akasema Kidole Gumba. "Bibi aliandika jina lake."

"Mjomba, ni bibi huyo peke yake aliyesoma?"

La, mpenzi! Kampeni ilipoanza, kati ya watu wazima 100 nchini, takribani 67 hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, hesabu ya serikali ilionyesha wamebaki takribani 10. Lakini kazi haijaisha. Hadi leo, miongoni mwa wasiojua kusoma, wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Basi sikieni, watoto wangu. Kama kwenu yupo mama, shangazi au bibi asiyejua kusoma, msimcheke. Kaeni naye jioni, mfundisheni kuandika jina lake. Kisha mfundisheni namba. Mwanamke anayesoma mwenyewe hesabu ya jasho lake hadhulumiwi kirahisi.