Kaya, Kodi na Majedwali: Mafunzo ya Huruma kwa Waandishi wa Tovuti

Hifadhidata, yaani ghala la taarifa zilizopangwa ili kompyuta izitafute na kuzibadilisha bila kuzivuruga, huchukuliwa na waandishi wengi wa tovuti kama stoo ya nyuma ya duka, ambayo haina haja ya kutazamwa mradi vioo vya mbele vinang'aa. Mtaa wa Huruma, katika Eastlands ya Nairobi, ambako wakazi wengi hupanga vyumba na kodi hulipwa kwa simu, unatosha kuonyesha udhaifu wa mtazamo huo, hasa kwa kuwa swali la nani anakaa wapi liliwahi kuulizwa huko kwa makini yasiyo ya kawaida.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vitano vya Huruma, navyo ni Kambi Moto, Mahiira, Redeemed, Ghetto na Gitathuru, vilijihesabu kwa msaada wa Muungano wa Wanavijiji na shirika la Pamoja Trust. Zilipatikana kaya 2,309, na kati yake 1,105 zilikuwa za wapangaji, 1,002 za wenye vibanda waliokaa papo hapo, na 202 za wenye vibanda waliokaa kwingine. Ugumu wa kazi ya namna hiyo huanza kabla ya kuhesabu, katika kuamua kinachohesabiwa: kibanda si kaya, kaya si mtu, mwenye kibanda kimoja huenda akawa na vingine viwili, na mpangaji huweza kuhama mwezi ujao huku kibanda kikibaki na nambari yake mlangoni.

Swali hilo la kinachohesabiwa linahusiana pia na nadharia iliyochapishwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, aliyependekeza taarifa zipangwe katika majedwali, kila jedwali likieleza jambo la aina moja, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake. Hifadhidata za leo kama MySQL na PostgreSQL, zinazoamrishwa kwa lugha ya SQL, zimejengwa juu ya wazo hilo. Mwandishi anayetengeneza tovuti ya kukusanya kodi ya ploti hushawishika kuliandika jina la mpangaji ndani ya jedwali la vyumba, kwa sababu ni rahisi. Mpangaji akihama, jina hubadilishwa, na deni la aliyeondoka hufutika au humwangukia mgeni asiye na hatia. Afadhali vyumba viwe na jedwali lao, watu lao, na upangaji uwe na jedwali la tatu linalounganisha mtu na chumba, pamoja na tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Kila safu mlalo ya jedwali huhitaji ufunguo msingi, yaani nambari ya pekee inayoitambulisha, na inafaa nambari hiyo isibebe maana nyingine yoyote. Namba ya simu haifai kwa kazi hiyo, kwani laini hupotea na kubadilishwa. Inapohifadhiwa kama taarifa ya kawaida, iandikwe kama maandishi, maana kompyuta ikiichukua kuwa tarakimu za kukokotolewa huitupa sifuri ya mwanzo. Tena igeuzwe kuwa na umbo moja kabla ya kuhifadhiwa, la sivyo mtu aliyejiandikisha kwa 07 na kurudi kwa +2547 atahesabiwa kuwa watu wawili.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni malipo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, kodi imezoea kusafiri kwa simu, na tovuti nyingi hupokea taarifa ya kila malipo kutoka seva ya mtoa huduma. Katika mtandao, aliyetuma ujumbe asipopata jibu mara nyingi huutuma tena, kwa hiyo taarifa moja huweza kuwasili mara mbili. Mwandishi huandika msimbo unaouliza kwanza kama malipo hayo yamesharekodiwa, kisha ndipo uyaandike, akaamini kwamba ameziba tundu. Lakini jumbe mbili zikifika kwa wakati mmoja, kila moja itauliza, itajibiwa kwamba hayapo, na zote mbili zitaandika. Dawa yake ni kuweka sharti la upekee katika safu wima inayotunza nambari ya risiti, ili hifadhidata yenyewe iikatae nakala ya pili. Kanuni iliyo ndani ya ukurasa wa tovuti hulindwa na ukurasa huo tu, ilhali taarifa hufikiwa pia na programu ya simu, na hata na msimamizi anayerekebisha mambo kwa mkono usiku wa manane.

Pamoja na hilo, kuandika malipo na kupunguza deni hufungwa katika muamala mmoja, neno ambalo hapa lina maana ya kundi la amri zinazotekelezwa zote au isitekelezwe hata moja, ili umeme ukikatika katikati pasibaki fedha iliyopokewa na deni lisiloshuka. Fedha yenyewe ihifadhiwe kwa nambari kamili za senti au kwa aina ya desimali, kwa kuwa nambari za kuelea hushindwa kuandika hata sehemu ya kumi kwa usahihi.

Hatari nyingine ya zamani ni kuunganisha maneno ya mtumiaji na amri ya SQL kama vile kushona viraka. Mtu akiandika alama ya nukuu na OR 1=1 katika kisanduku cha jina, sharti la kutafuta mtu mmoja huweza kugeuka kuwa kweli kwa kila mtu, na orodha nzima ya wapangaji ikafunguka. Amri ziandikwe zikiwa na nafasi wazi, na thamani zipelekwe kando, ili hifadhidata isizisome kamwe kama amri.

Ukurasa unaochelewa mara nyingi huwa na kosa jingine: unaomba orodha ya vyumba 40, kisha unarudi mara 40 kuuliza deni la kila kimoja. Ombi moja linalounganisha majedwali hutosha, na faharasa juu ya safu wima inayotafutwa mara kwa mara huiokoa hifadhidata isipekue jedwali zima, ingawa kila faharasa huongeza kidogo gharama ya kuandika.

Mbali na ufundi, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kuziona taarifa zake na kutaka zilizo na makosa zirekebishwe. Kwa mpangaji wa Huruma, haki hiyo humaanisha ukurasa ambamo atayaona malipo yake mwenyewe, nambari za risiti zikiwa pembeni, na kitufe cha kusema kwamba mwezi wa Machi umerukwa.